Tarakimu ya Chumvi: Uchambuzi wa Kisa cha Habari za Mwaka za Idara ya Uhandisi wa Kemia kwa Wahitimu Wake, Malindi

Kisa hiki kinahusu idara moja ya uhandisi wa kemia katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya, na habari za mwaka ambazo idara hiyo huwaandalia wahitimu wake. Majina ya watu, ya chuo na ya kiwanda yameondolewa, na tarakimu za usafi wa chumvi zimebadilishwa kwa namna isiyogusa hoja yenyewe. Nimekiandika kwa ajili ya wahadhiri, wahariri na kamati za wahitimu wanaobeba kazi ya aina hii, kwa sababu naamini kwamba habari za idara ya uhandisi husomwa na watu wenye ujuzi wa kuzipima, na zinastahili kuandikwa kwa kulitambua hilo tangu mstari wa kwanza.

Usuli

Kila mwaka, kabla ya mahafali, idara hutoa jarida la kurasa chache linalotumwa kwa baruapepe kwa wahitimu wote ambao anwani zao zimo katika orodha yake, na nakala kadhaa huchapishwa kwa ajili ya wageni. Yaliyomo hayabadiliki sana: ujumbe wa Mkuu wa Idara, wahadhiri waliostaafu na walioajiriwa, vifaa vipya vya maabara, wanafunzi waliofanya vizuri, tanzia, wahitimu waliopanda vyeo, na mwishoni ombi la mchango kwa mfuko wa wanafunzi waliokwama karo. Mhariri ni mhadhiri anayeifanya kazi hiyo juu ya vipindi vyake vyote vya kufundisha, bila msaidizi.

Idara hupeleka wanafunzi wake viwandani kwa mafunzo ya kazini, na mahali pamojawapo ni pwani ya kaskazini mwa Malindi, ambako kuanzia Gongoni hadi Marereni chumvi huvunwa kwa jua. Kazi hiyo inahitaji kuelezwa kidogo, kwa kuwa bila kuielewa kosa lililotokea litaonekana dogo kuliko lilivyokuwa. Maji ya bahari huingizwa katika bwawa la kwanza, kisha huhamishwa bwawa hadi bwawa huku jua na upepo vikiyapunguza. Yanapoingia huwa karibu nyuzi 3.5 katika kipimo cha Baumé, kinachoonesha ukolezi wa maji ya chumvi. Kadiri yanavyokolea, chokaa hutuama kwanza, kisha jasi, na yakifika kama nyuzi 25.5 chumvi ya kula yenyewe huanza kuganda kuwa fuwele. Hapo haitoshi kungoja tu mpaka yote yakauke. Yakikaribia nyuzi 29 au 30, maji yaliyobaki huwa yamejaa magnesi, ndiyo maana huitwa maji machungu, na yasipofunguliwa yakaenda zake huacha juu ya fuwele utando unaovuta unyevu na kuharibu ladha. Kwa hiyo ubora wa chumvi hutegemea sana mtu mmoja anayesoma haidromita, chombo cha kupimia ukolezi huo, na kujua saa ya kufungua lango. Katika kiwanda cha kisa hiki, mtu huyo ni fundi mkongwe ambaye hapa nitamwita Mzee wa Mabwawa.

Mhandisi wa uzalishaji wa kiwanda hicho ni mhitimu wa idara. Ndiye aliyempokea mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akamfungulia maabara, na kumruhusu kujaribu mambo mawili: kufungua maji machungu mapema kidogo kuliko ilivyokuwa desturi, na kuiosha chumvi iliyovunwa kwa maji ya chumvi yaliyokolea kabisa. Yakiwa yamekolea kiasi hicho, maji hayo hayawezi kuyeyusha chumvi nyingi zaidi, lakini huubeba ule utando wa magnesi; maji baridi ya bomba yangeubeba pia, pamoja na sehemu nzuri ya mavuno. Ilikuwa kazi ya busara, na ripoti ya mwanafunzi, ambayo nimeisoma yote, imeandikwa kwa uangalifu mkubwa.

Jinsi habari ilivyoandaliwa

Mhariri alitaka habari kubwa ya ukurasa wa kwanza. Mtambo wa maabara uliotarajiwa ulikuwa haujafika, na siku ya kupeleka maandishi kwa mchapaji ilikuwa imefungwa na tarehe ya mahafali. Alimwomba msimamizi wa mwanafunzi ampe mistari michache yenye tarakimu moja ya kuvutia. Msimamizi aliifungua ripoti, akachukua tarakimu ya kwanza katika jedwali la kwanza na tarakimu ya mwisho katika jedwali la pili, na usiku uleule kichwa cha habari kikawa tayari: wanafunzi wa idara wamepandisha usafi wa chumvi ya Malindi kutoka asilimia 93 hadi asilimia 99. Chini yake liliwekwa ombi la mchango, likiwaalika wahitimu kuunga mkono kazi za namna hiyo.

Picha iliyoambatanishwa ilimwonyesha Mzee wa Mabwawa ameinama ukingoni mwa bwawa, haidromita mkononi, na wanafunzi wawili nyuma yake wakiandika. Maelezo chini ya picha yalisema: "Mkazi wa eneo hilo akiwatazama wanafunzi wetu wakipima maji."

Hakuna aliyetuma maandishi hayo Malindi yasomwe kabla ya kuchapishwa. Mwanafunzi naye hakuoneshwa.

Kosa lilivyogunduliwa

Mhandisi wa uzalishaji aliisoma habari hiyo akiwa kazini, akampigia simu Mhariri, ambaye alikuwa amemfundisha, jioni ileile. Kwa maelezo ya wote wawili, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Mwalimu, shikamoo. Hii tisini na tatu mmeipata wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Iko kwenye ripoti ya mwanafunzi."

"Hiyo ni ya lundo, Mwalimu. Ina maji ndani yake. Na tisini na tisa ni ya maabara, imetoka kwenye tanuri."

Hapo ndipo penye kiini cha kisa. Jedwali la kwanza la ripoti lilitoka katika daftari la kila siku la kiwanda, ambapo chumvi hupimwa ikiwa kwenye lundo, na unyevu wake. Jedwali la pili lilitokana na sampuli zilizokaushwa. Chini ya jedwali hilo mwanafunzi alikuwa ameandika kwa maandishi madogo kwamba tarakimu zote ni za uzito mkavu, na ukurasa uliofuata alikuwa ameweka ulinganisho sahihi, mkavu kwa mkavu. Ukurasa huo haukufunguliwa.

Tuipige hesabu. Tuchukue kilo 100 za chumvi kutoka kwenye lundo kabla ya jaribio: kilo 5 ni maji, kilo 2 ni chumvi za magnesi, jasi na uchafu mwingine, na kilo 93 ndiyo chumvi halisi. Ukigawa 93 kwa 100 unapata asilimia 93. Ukiondoa maji kwanza, ukagawa 93 kwa 95, unapata karibu asilimia 97.9, na hakuna aliyeigusa chumvi hiyo kwa lolote ila kuikausha. Sasa tuchukue kilo 100 baada ya kuosha, unyevu ukiwa uleule: uchafu umebaki kilo 1, chumvi halisi ni kilo 94. Mkavu kwa mkavu, 94 kwa 95 ni karibu asilimia 98.9, ambayo jarida liliizungusha ikawa 99. Kwa hiyo mafanikio ya kweli yalikuwa nukta moja, kutoka 97.9 hadi 98.9, na zile nyingine zote kati ya nukta sita zilizotangazwa zilikuwa ni maji yaliyokauka katika tanuri.

Kosa hili ni la kuhuzunisha zaidi kwa kuwa ukweli wenyewe ulikuwa wa kujivunia. Uchafu ulipungua kwa nusu. Mhandisi yeyote anayejua ugumu wa kuondoa nukta ya mwisho ya uchafu angelisimamia jambo hilo kwa heshima. Tarakimu ya kweli ilikuwa na uzito wake, lakini iliachwa kwa sababu ilionekana ndogo.

Madhara yalikuja upande ambao idara haikuutazamia. Nakala moja iliyochapishwa ilifika kwa wakuu wa kiwanda kupitia mgeni aliyehudhuria mahafali. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa chumvi ya chakula kinataka angalau asilimia 97 ya chumvi halisi, kwa uzito mkavu. Kiwanda kilikuwa kimekivuka kiwango hicho hata kabla ya mwanafunzi kufika, lakini mnunuzi anayesoma asilimia 93 bila maelezo ataamini kwamba alikuwa akiuziwa chumvi isiyofaa. Wakuu walisimamisha kuwapokea wanafunzi wa msimu uliofuata, na Mhandisi, ambaye ndiye aliyewafungulia mlango, akatakiwa kujieleza kwa barua.

Maamuzi na sababu zake

Mkuu wa Idara aliona kwanza kwamba masahihisho yasubiri jarida la mwaka unaofuata. Sababu yake haikuwa ya kupuuzwa: aliogopa kwamba kulitaja kosa haraka kungelifikisha kwa watu ambao hawakuwa wameliona. Pendekezo la pili lilitoka kwa Mhariri, kwamba jarida lirekebishwe na kutumwa upya kimyakimya likiwa na tarakimu sahihi. Wahitimu wanaoishi Malindi, ambao wana kikundi chao kidogo, walilikataa hilo kwa hoja mbili. Nakala za karatasi zilikuwa tayari mikononi mwa watu na hazingejirekebisha zenyewe. Na kiwanda kilihitaji karatasi ya kumwonyesha mnunuzi, jambo ambalo marekebisho ya siri yasingelitimiza.

Mhariri alijitetea kwamba jarida la wahitimu ni salamu za nyumbani, wala si jarida la utafiti, na kwamba kudai kila tarakimu itajiwe msingi wake kungeifanya habari isisomeke. Nimeipa hoja hiyo uzito kwa sababu imetolewa na mtu anayeipenda kazi yake. Hata hivyo siikubali inapohusu tarakimu. Salamu za nyumbani zinaweza kukosa maelezo mengi na zikabaki kweli. Tarakimu ikikosa msingi wake wa hesabu haibaki kweli. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa kemia hufundishwa kutaja msingi kabla ya kuandika jibu, na idara iliyomfundisha haiwezi kujiondolea sharti hilo inapomwandikia baada ya kuhitimu.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kutoa ukurasa mmoja wa masahihisho, kuutuma kwa orodha ileile iliyopokea jarida, na Mkuu wa Idara kusafiri hadi Malindi kuukabidhi mwenyewe. Ukurasa huo haukuishia kusema kwamba tarakimu ilikuwa na makosa. Uliweka hesabu yote, lundo na tanuri, hatua kwa hatua. Ulitaja pia jambo ambalo habari ya kwanza ililiacha na ambalo mhandisi angeliuliza kabla ya yote: kwamba kuosha hupoteza sehemu ya chumvi hata maji yakiwa yamekolea, na kwamba ripoti ya mwanafunzi ilikuwa imeupima upotevu huo. Mhandisi aliusoma na kuurekebisha kabla haujatumwa.

Kuhusu Mzee wa Mabwawa, ilibainika kwamba hakuna aliyemwomba ruhusa ya kuchapisha picha yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari yoyote inayomhusu mtu anayeweza kutambulika kuwa ni data yake binafsi, na picha ya uso wake imo. Mkuu wa Idara alipofika alimwomba radhi, akamuuliza anataka nini kifanyike. Mzee alisema picha ibaki na jina lake liandikwe, lakini maneno yabadilishwe, "kwa sababu mwenye kupima hapo ni mimi, na hao vijana ndio wanaotazama." Ndivyo ilivyoandikwa.

Matokeo

Kiwanda kilifungua tena mlango kwa wanafunzi msimu uliofuata, kwa sharti kwamba maandishi yoyote yanayokihusu yapitiwe nacho kabla ya kuchapishwa. Mhandisi aliondolewa lawama. Wahitimu kadhaa waliandika kuishukuru idara kwa kuonesha hesabu, na wawili kati yao walijitolea kusoma habari za kitaalamu za jarida kila mwaka, mmoja kwa mambo ya mafuta na gesi, mwingine kwa maji na dawa.

Mfuko wa karo haukudhurika. Waliokuwa wamechanga hawakudai chochote, ingawa mmoja aliandika kwamba angechanga vilevile kwa nukta moja.

Uchambuzi: yaliyofaulu

La kwanza ni kuweka hesabu mezani. Masahihisho mengi ya taasisi husema tu kwamba kulikuwa na hitilafu, kisha hunyamaza, na msomaji hubaki akikisia ukubwa wake. Hapa msomaji alipewa uwezo wa kuthibitisha mwenyewe, na kwa kuwa wasomaji hao ni wahandisi, wengi bila shaka walichukua kalamu. Naona kwamba hilo lilirudisha imani kuliko maneno yoyote ya kuomba radhi, kwa sababu liliwatendea wahitimu kama wenzao wa kazi.

La pili ni safari ya Malindi. Ingewezekana kutuma barua. Lakini Mhandisi alikuwa ameingia matatani kwa ajili ya idara yake, mbele ya wakuu wake mwenyewe, na kufika kwa Mkuu wa Idara kiwandani kulionesha wakuu hao kwamba kosa lilikuwa la chuo. Barua isingeweza kufanya hivyo kwa uwazi uleule.

Uchambuzi: yaliyoshindwa

Ni rahisi kumlaumu msimamizi aliyechukua tarakimu kutoka majedwali mawili, lakini kosa lake lilitengenezewa njia. Aliombwa tarakimu ya kuvutia kabla ya kuulizwa nini kilichogunduliwa. Anayeulizwa hivyo ataitafuta tofauti kubwa zaidi iliyomo katika ripoti, na tofauti kubwa zaidi katika ripoti yoyote ya maabara mara nyingi ni ile ya vitu visivyolinganishika. Kuweka habari hiyo juu ya ombi la mchango kuliongeza shinikizo lilelile. Idara imeamua kutenganisha kurasa hizo, nami nakubaliana nayo kabisa.

Masahihisho yenyewe yalikuwa na dosari moja ambayo naiona nzito. Hayakusema kwamba ripoti ya mwanafunzi ilikuwa sahihi. Msomaji wa ukurasa ule anaweza kudhani kwamba kijana ndiye aliyechanganya mkavu na mbichi, ilhali yeye ndiye pekee katika mfuatano mzima aliyeandika msingi wa hesabu yake. Mwanafunzi huyo sasa anatafuta kazi, na mwajiri anayelijua jarida hilo anaweza kumkumbuka kwa kosa lisilo lake. Nilipendekeza kwamba jarida lijalo liseme wazi jambo hili, na pendekezo hilo liko mbele ya kamati.

Sharti la kiwanda nalo linahitaji kuangaliwa kwa makini. Ni haki ya kiwanda kusahihisha tarakimu zake na kulinda siri zake za uzalishaji. Lakini eneo la chumvi la Magarini, ambamo Gongoni na Marereni zimo, lina historia ya malalamiko ya wakazi kuhusu ardhi, mikoko na visima vilivyoingiwa na chumvi, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu viwanda vya chumvi huko na kutoa ripoti yake mwaka 2006. Idara inayofundisha kwamba maji machungu lazima yaende mahali fulani haiwezi kukubali kwamba mahali hapo pasitajwe. Kamati iliwekea sharti mipaka: kiwanda kinaweza kusahihisha vipimo na kuondoa siri za biashara, lakini hakina idhini juu ya maoni wala juu ya maswali ya mazingira. Kiwanda kilikubali kwa maandishi, ingawa makubaliano hayo bado hayajajaribiwa na habari yoyote yenye ubishi.

Kuhusu kupitishwa kwa maandishi kabla ya kuchapishwa, idara iliweka utaratibu mwepesi: kila anayetajwa kwa jina au kuonekana katika picha husomewa au hutumiwa sehemu inayomhusu, na kila tarakimu ya kitaalamu husomwa na aliyeipima pamoja na mhitimu mmoja wa fani hiyo. Siku ya mwisho ya kupokea habari imerudishwa nyuma ili usomaji huo uwe na nafasi. Mhariri amepunguziwa kipindi kimoja cha kufundisha, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko utaratibu wote, kwa kuwa utaratibu usio na mtu mwenye muda wa kuufuata huachwa katika mwaka wa pili.

Lililobaki bila ufumbuzi ni orodha ya anwani. Wahitimu wengi walioko viwandani, hasa wanaofanya kazi kwa zamu huko Gongoni, Mombasa na Athi River, wamo katika orodha kwa anwani za baruapepe walizotumia wakiwa wanafunzi na ambazo hawazifungui tena. Baadhi yao waliiona habari ya kwanza kupitia nakala za karatasi au kwa kuoneshwa na wenzao kwenye simu, lakini ukurasa wa masahihisho ulitumwa kwa baruapepe pekee. Kikundi cha Malindi kimeanza kukusanya namba za simu za wanachama wake, kwa ridhaa ya kila mmoja, na idara imeomba vikundi vya miji mingine vifanye vivyo hivyo kabla ya jarida la mwaka huu kwenda kwa mchapaji.